Je, Wajua? Dini na Vyeo vya Buganda

Je, wajua kwamba Waganda waliwahi kuitana Wafaransa na Waingereza? Waanglikana walioingia kwa Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1877 walitoka Uingereza, Mapadri Weupe waliowafuata mwaka 1879 walitoka Ufaransa. Basi aliyefuata padri akawa Mfaransa, aliyefuata mchungaji akawa Mwingereza, hata kama wote wawili ni wa ukoo mmoja.

Wajua kwamba mashahidi wa Uganda hawakuwa wa kanisa moja? Kati ya 1885 na 1887 waliuawa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, wengi wao walichomwa moto siku moja.

Haikupita hata miaka sita, ndugu zao katika imani wakapigana risasi wao kwa wao. Ilikuwaje?

Waliporudi madarakani baada ya vita na Waislamu waliokuwa wamewaondoa, Wakristo waligawana vyeo vya Buganda: hiki cha Mkatoliki, hiki cha Mprotestanti. Wakakubaliana pia kwamba chifu akihama dhehebu, anapoteza cheo na ardhi yake. Kwangu mimi msiba wote umefichwa ndani ya sharti hilo. Kuanzia hapo kumgeuza mtu dini kulihusu mashamba, na waliomtegemea chifu walikuwa na sababu ya kulinda kanisa lake kwa bunduki.

Cheche yenyewe ilikuwa ndogo: ugomvi wa bunduki iliyoibwa, Mprotestanti mmoja akauawa, na Kabaka Mwanga akamwachilia Mkatoliki aliyemuua. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliipinga hukumu hiyo, akawagawia Waprotestanti bunduki. Tarehe 24 Januari 1892, siku ya Jumapili, vita vikalipuka Mengo. Bunduki ya Maxim ya Lugard ikaamua mshindi. Misheni ya Wakatoliki ya Rubaga ikateketea, na Mwanga na Wakatoliki wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, huko nako wakafuatwa, na watu wengi wakazama ziwani.

Wajua kwa nini Masaka ina Wakatoliki wengi hivyo hadi leo? Baada ya vita hivyo Wakatoliki walipewa Buddu, ndimo Masaka ilimo, na familia nzima nzima zikahama ili kukaa chini ya chifu wa dhehebu lao. Ni Masaka hiyo hiyo iliyompata Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyewekwa wakfu kuwa askofu na Papa Pius XII mwaka 1939.

Wamisionari wa Mill Hill walifika mwaka 1895. Walikuwa Wakatoliki kutoka Uingereza, na kuwepo kwao kulionyesha kwamba Mkatoliki si lazima awe mtu wa Wafaransa.

Chini ya Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, alikuwa Mprotestanti, Apolo Kagwa, na Jaji Mkuu alikuwa Mkatoliki, Stanislas Mugwanya. Mgawo ukaota mizizi: toka Kagwa hadi Mayanja Nkangi, aliyeshika cheo hicho ufalme ulipovunjwa, kiti cha Katikiro hakikutoka mikononi mwa Waprotestanti. Mkatoliki angeweza kuwa msomi kupita wote, mlango huo ulibaki umefungwa. Huo ni uonevu, na ndio uliozaa chama.

Chama hicho ni DP (Democratic Party), kilichoanzishwa mwaka 1954. Mahasimu wake walikipachika jina la Kiswahili: Dini ya Papa. Kiongozi wake Benedicto Kiwanuka alishinda uchaguzi wa 1961 wakati serikali ya Buganda huko Mengo imewaambia watu wake wasipige kura. Mwaka uliofuata UPC ya Obote na Kabaka Yekka, vyama vyenye viongozi wengi Waprotestanti, viliungana na kumwondoa madarakani, miezi michache kabla ya uhuru wa 9 Oktoba 1962. Kiwanuka alikuwa Mganda, lakini kwa wakuu wa Mengo Ukatoliki wake ulitosha kumfanya mgeni.

Na wajua Katikiro wa Buganda aliyeteuliwa mwaka 2013, baada ya ufalme kurudishwa, ni nani? Charles Peter Mayiga, Mkatoliki wa Masaka.