Sindano ya kufuta ndita: yajue haya kabla hujapanda basi

Kama unasoma haya ukiwa Kahama, Katoro au Shinyanga mjini na umeshaanza kudunduliza fedha za sindano ya kuondoa makunyanzi, sikuandikii ili nikuzuie. Uso ni wako na fedha ni zako. Nakuandikia kwa sababu wanaokuja kuniuliza kabla ya kuchomwa ni wachache kuliko wanaokuja wakiwa wameshachomwa, na hawa wa pili wengi wao huanza kwa kunificha.

Kwanza ujue unachochomwa. Watu husema Botox, lakini hilo ni jina la biashara la dawa ya kampuni moja. Zipo pia Dysport, Xeomin na nyingine. Kilichomo ndani ni sumu iitwayo botulinamu, inayotengenezwa na bakteria walewale wanaoweza kukua kwenye chakula cha kopo kilichoharibika na kumlegeza mtu misuli hadi akashindwa kupumua. Usishtuke. Kinachoifanya sumu hiyo kuwa dawa ni kipimo, na kipimo cha usoni ni kidogo mno. Ila sasa unaelewa kwa nini nitakuwa mkali kidogo huko mbele kuhusu nani anakuchoma na chupa ameitoa wapi.

Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ujikunje, humwaga kemikali kwenye ncha yake, na msuli huipokea kama amri. Dawa hii huzuia kemikali hiyo isimwagwe. Msuli haufi; unakaa tu bila kupata amri, na ngozi iliyo juu yake haikunjwi. Baada ya miezi mitatu au minne mshipa hujijengea upya njia yake, msuli hurudi kazini na ndita hurudi pamoja nao. Hununui uso mpya, unaukodi.

Simama mbele ya kioo ukunje ndita kama mtu aliyekasirika, kisha uulegeze uso. Mistari ikipotea ukilegeza, sindano itakufaa. Ikibaki hata ukiwa umetulia, sindano itaipunguza tu. Ni kama kitenge: ukikikunja leo kesho kinanyooka, lakini kikikaa sandukuni mwaka mzima kikunjo kile kinabaki hata ukikipiga pasi.

Tena dawa hii haikuanzia kwenye urembo. Daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, aliitafuta kwa ajili ya makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliikubali kwa makengeza na kwa watu ambao kope zao hujifumba zenyewe. Huko Kanada daktari mwingine wa macho, Jean Carruthers, aliyekuwa akiwachoma wagonjwa wa kope, aliambiwa na mmoja wao kwamba ndita zake nazo zimepotea. Mume wake alikuwa daktari wa ngozi, na wawili hao wakaifuatilia. Kibali cha kufuta ndita kilitoka Marekani mwaka 2002. Nawataja pia wazazi hapa kwa sababu moja: dawa hiihii hutumika kulegeza misuli iliyokakamaa ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Ukiambiwa na daktari bingwa kwamba mwanao atachomwa, usikimbie ukidhani anapelekwa kwenye urembo. Lakini binti wa miaka 16 anayetaka sindano ya ndita kwa sababu ya picha za mtandaoni, jibu langu kwake ni hapana. Kibali hicho cha ndita ni cha watu wazima.

Isichoweza kufanya

Nyuso za ukanda huu zina kazi iliyozichora. Mwanamke anayeinamia mwalo tangu asubuhi, kijana anayesimama kwenye vumbi la karasha, wote hukunja macho mchana kutwa dhidi ya jua. Rangi nyeusi hutulinda, ndiyo maana makunyanzi kwetu huchelewa. Jua letu huonekana zaidi kwenye madoa ya mashavuni na kwenye paji la uso, na madoa hayo sindano haiyagusi hata kidogo. Haipandishi mashavu yaliyolegea pia. Kofia pana na miwani ya jua vitakusaidia kwa miaka mingi kuliko sindano, na bei yake unaijua.

Halafu kuna mkorogo. Nataka uniambie ukweli kama unaupaka, na anayekuchoma mwambie vilevile. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi na kudhoofisha vimishipa vya damu, hivyo sindano ndogo inaweza kukuachia vilio vya damu usoni. Nyingine zina zebaki, zilezile zebaki ambazo wachimbaji wadogo wa Geita huchanganya na mchanga ili zikamate dhahabu, kisha wakazichoma. Zebaki huumiza mishipa ya fahamu. Kama unachoma dhahabu, au inachomwa nyumbani kwako, na mikono imeanza kutetemeka, vidole vina ganzi au misuli inaishiwa nguvu, apimwe kwanza huyo mtu. Dawa ya kulegeza misuli si ya kukimbilia kwa mtu ambaye mishipa yake tayari ina malalamiko.

Maswali ambayo lazima uulizwe

Mtu asiyekuuliza chochote kabla ya kukuchoma, ondoka. Anapaswa kujua kama una mimba au unanyonyesha, maana hapo tunasubiri. Anapaswa kujua kama una ugonjwa wa misuli au mishipa ya fahamu, hasa ule unaofanya kope zishuke na mwili uchoke jioni. Aulize aleji, vidonda au majipu usoni, na dawa unazotumia. Aspirini na dawa nyingine za kufanya damu iwe nyepesi huongeza vilio vya damu, lakini usiziache bila ruhusa ya daktari aliyekuandikia. Na kuna moja watu huisahau: jentamaisini, sindano ya kawaida kabisa katika zahanati zetu. Ikikutana na botulinamu mwilini, misuli inaweza kulegea kupita kiasi. Ukichomwa urembo Jumatatu na ukaugua Ijumaa, mwambie mganga wa zahanati.

Wewe nawe una maswali yako. Je, huyu ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Je, dawa imesajiliwa na TMDA? Usichanganye hapa: tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini sindano hii ni dawa, na dawa ni za TMDA. Anayekuambia hiki ni kipodozi tu hajui anachoshika, au anajua.

Siku yenyewe

Omba uone boksi na chupa kabla haijafunguliwa. Dawa hutunzwa kwenye jokofu, nyingi katika nyuzi 2 hadi 8, na huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali. Ikitolewa kwenye mkoba wa mkononi katika joto la Kahama, nyanyuka uondoke bila kuomba radhi. Bomba la sindano lifunguliwe mbele yako, na namba ya toleo iandikwe kwenye faili lako. Mko watatu na chupa ni moja? Sindano iliyomgusa mwenzako isirudi kwenye chupa hiyo. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havijali kwamba mmekuja kwa urembo.

Utapigwa picha, utaambiwa ukunje ndita, na daktari ataweka alama. Kwa ndita za katikati ya nyusi kipimo cha kawaida cha Botox ni uniti 20, zikigawanywa sehemu tano. Uniti za dawa moja si sawa na za nyingine. Kwa eneo hilohilo Dysport ni uniti 50. Kwa hiyo anayejisifu kwamba kwake unapata uniti nyingi kuliko kwa jirani hajakuambia kitu. Maumivu ni kama ya kung'atwa na sisimizi, na kazi yote haizidi dakika kumi na tano. Vinundu vidogo vitabaki kwa muda mfupi, kisha vitatulia.

Usisugue uso siku hiyo. Usilale wala kuinama kwa muda mrefu katika saa nne za mwanzo. Ushahidi wa jambo hili si mzito sana, lakini haligharimu kitu. Kilemba kisibane paji la uso, na kofia ngumu ya mgodini iache hadi kesho. Kama unarudi na basi, usilalie kiti cha mbele.

Kisha utajitazama kioo na hutaona kitu. Siku ya pili mtu huanza kusema ametapeliwa. Subiri. Dawa huanza kuonekana kati ya siku ya pili na ya nne, na wiki mbili ndipo unapoona ilipofika. Kuumwa kichwa kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kuongezewa dozi kabla ya wiki mbili hakuna maana, hata kama uko mjini na unataka kumaliza mambo yote kwa safari moja. Panga bajeti ya safari mbili. Wa Geita sasa mna nafuu: tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, hamsubiri kivuko kwenda Mwanza. Bima ya afya usiitegemee kwa hili.

Kwa wachache kope ya juu hushuka. Katika majaribio ya mwanzo ya Botox kwa ndita ilitokea kwa watu wapatao 3 katika kila 100. Hutokea dawa ikiteleza kutoka ilipochomwa hadi kwenye msuli wa kope. Inaudhi na inatisha ukijitazama, lakini hupona yenyewe kwa wiki kadhaa.

Kitu kingine kabisa ni hiki: kope zote mbili zikishuka, ukaona vitu viwili viwili, sauti ikabadilika, ukashindwa kumeza au pumzi ikawa fupi. Hii ni dharura. Inaweza kuja baada ya saa chache au hata wiki kadhaa. Nenda hospitali usiku huohuo na useme neno la kwanza kabisa kwamba ulichomwa sindano ya makunyanzi. Mwaka 2024 nchini Marekani wanawake 22 katika majimbo 11 walidhurika baada ya kuchomwa dawa bandia au kuchomwa na watu au mahali pasipostahili, na baadhi walilazwa. Ni Marekani hiyo.

Ndiyo maana nasema usiende kwa siri. Mwambie mtu mmoja nyumbani: mume, dada, yeyote atakayeweza kumweleza daktari siku wewe ukishindwa kuongea.

Mama mmoja aliletwa kwangu na ndugu zake, kope ya kulia imelala juu ya jicho. Nimebadilisha mambo machache ili asijulikane. Ilikuwa wiki ya tatu. Wiki mbili za kwanza walikuwa kwa mganga wa kienyeji, na ramli iliyopigwa huko ilielekeza upande wa nyumba ya bibi jirani, mjane, mwenye macho mekundu ya miaka mingi ya moshi wa kuni. Unaujua mkoa wetu. Unajua wazee wangapi wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa maneno ya namna hiyo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiwaandika katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka.

Niliwaomba ndugu watoke nje. Nilimuuliza kama amechomwa sindano yoyote usoni. Alikaa kimya, kisha akalia. Alikuwa amechomwa katika chumba cha nyumba ya wageni, na mtu aliyekuja mji wa machimbo kwa siku mbili, wanawake watatu kwa chupa moja, boksi hawakuliona. Mume hakuambiwa kwa sababu fedha zilikuwa za ada ya shule. Siku ya sita kope ikashuka, na watu walipoanza kusema amerogwa aliona ni rahisi kunyamaza.

Kwa idhini yake nilimwita mume, nikamchorea msuli wa kope kwenye karatasi ya maabara, nikamwonyesha dawa ilipochomwa na ilipofika. Alikasirika, kuhusu ada. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule bibi?" Nikamwambia akawaambie ndugu zake leo, asingoje kesho. Alikwenda. Kope ilipanda yenyewe wiki ya saba. Bibi alikuwa ameshahamia kwa binti yake huko Tinde kabla hawajafika mlangoni kwake, na mpaka naandika haya hajarudi.