Kuipoza Nyumba ya Mabati Wakati wa Kiangazi

Watu wengi wa Kiplombe, kando ya Eldoret, huihesabu nyumba ya mabati kuwa alama ya maendeleo, nao wana haki. Paa la mabati halishiki moto kama la nyasi, hudumu miaka mingi, tena hukinga maji ya mvua. Lakini ifikapo miezi ya Desemba, Januari na Februari, wenye nyumba hizo hutoka nje saa saba mchana wakaketi chini ya mti. Mgonjwa na mtoto mchanga, wasioweza kutoka, ndio wateswao zaidi.

Joto hili latoka wapi? Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake si kama ya Mombasa. Wakati wa kiangazi joto la mchana hufika digrii 25 hivi, na usiku hushuka hadi karibu na digrii 10. Basi kinachotusumbua si hewa, bali ni paa. Kwa kuwa tu karibu sana na Ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima. Bati ni jembamba. Likiisha kupata moto hulitupa joto chini, juu ya vichwa vya watu. Nyumba za nyasi za wazee wetu hazikuwa hivyo, maana tabaka nene la nyasi hushika hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa wepesi.

Kabla ya kujenga

Jambo la kwanza halina gharama hata senti moja, nalo ni kuielekeza nyumba vema. Kuta ndefu, zenye madirisha, zitazame kaskazini na kusini. Kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni hupiga moja kwa moja. Ukingo wa paa utokeze futi 2. Mwezi wa Desemba, jua likiwa upande wa kusini, ukingo huo hutia kivuli kiasi cha futi 4 za ukuta wakati wa adhuhuri. Msingi ukiisha kuchimbwa, kosa la mwelekeo halirekebishiki.

Nyumba iliyokwisha kujengwa

Mwenye nyumba tayari asikate tamaa. Fedha zake za kwanza na azitumie kwa dari. Kati ya dari na mabati iachwe nafasi, na pande mbili za paa yawekwe matundu yenye wavu wa waya, ili hewa ya moto itoke na ndege wasiingie. Dari hiyo hiyo italihifadhi joto la nyumba katika baridi ya Julai.

Pili, mabati yapakwe rangi nyeupe, kwa sababu hurudisha sehemu kubwa ya nuru ya jua. Lakini anayekinga maji ya kunywa asitumie rangi yenye risasi.

Tatu, tutumie baridi ya usiku, ambayo Mungu ametupa bure. Madirisha yafunguliwe jioni, yakiwa na nondo na wavu wa mbu, ili kuta na sakafu zipoe hadi alfajiri. Mnamo saa nne asubuhi yafungwe na mapazia yashushwe. Kuta za matofali au udongo zitautunza ubaridi huo saa nyingi. Wengi hufanya kinyume: hufungua adhuhuri na kufunga usiku.

Mwisho, upande wa magharibi upandwe mti wa kivuli au mmea wa kutambaa, kama ule wa matunda ya pasheni. Mkaratusi usikaribie nyumba, kwani matawi yake huvunjika kwa upepo.

Ndugu msomaji, ukikusudia kujenga mwaka huu, simama kwanza katika kiwanja chako asubuhi na jioni, uitazame njia ya jua, ndipo umwite fundi.