Kwa Nini Mtumbwi Hupinduka?

Wengi wenu mnaolima kando ya bahari au ziwa, palizi ikiisha mnaingia majini kuvua. Basi leo tuzungumze juu ya chombo chenyewe: kwa nini hupinduka?

Sababu ya kwanza ni wembamba. Upana ukizidi mara 2 na urefu ukabaki uleule, nguvu ya kujirudisha sawa inayotokana na umbo la chombo huzidi karibu mara 8. Gogo haliwezi kupanuliwa hivyo; ndiyo maana wazee wa pwani walilifunga mirengu, yaani mbao za kuelea, pande zote mbili, likawa ngalawa. Kwa hiyo mkimwagiza fundi mashua, msipunguze upana ili kuokoa mbao.

Ya pili ni uzito kukaa juu. Nyavu, nanga na samaki viwekwe chini, katikati, visiteleze. Anayevuta wavu apige magoti, asisimame.

Ya tatu ni maji ndani ya chombo. Chombo kikilala, maji hukimbilia upande huohuo na kuulemea zaidi. Yafueni yangali kidogo.

Tena, fungeni madumu matupu ya lita 20, yenye vifuniko vya kukaza, chini ya viti, kushoto na kulia. Manne huinua karibu kilo 80. Chombo kikijaa maji, mtakuwa na cha kushikilia.

Kabla ya safari, jaribuni penye maji ya kiunoni: watu wawili wakae upande mmoja. Ukingo ukikaribia maji, punguzeni mzigo.