Ngozi ya maabara na mkorogo wetu: nani anajaribiwa?

Nilikuwa kimya kidogo, tusameheane. Leo nina jambo limenikaa kichwani tangu dada mmoja wa hapa mtaani Pasiansi atoke na mashavu yamebabuka kama kamwagikiwa mafuta ya kukaangia. Alinunua mkorogo, ule unaochanganywa kwenye kopo mbele yako, hauna jina wala maandishi. Nikamuuliza, "Dada, huu walishaujaribu kwa nani kabla yako?" Akanijibu, "Si ndio kwangu, mdogo wangu."

Sasa wenzetu wanajaribia wapi? Zamani ilikuwa kwa sungura. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukafunga kabisa mlango kwa vipodozi vipya vinavyojaribiwa kwa wanyama. Moja ya njia zilizochukua nafasi hiyo ni ngozi ya binadamu inayooteshwa maabara. Ngozi kweli jamani, yenye chembe hai.

Inafanyika hivi. Wanachukua ngozi iliyobaki baada ya upasuaji. Nyingine, msicheke, ni govi la mtoto aliyetahiriwa, lile ambalo sisi tunatupa. Wanatenganisha chembe za ngozi ya ndani na za ngozi ya juu. Za ndani wanazichanganya na kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, inaganda kama uji uliopoa. Juu yake wanaweka chembe za ngozi ya juu, vyote vinakaa kwenye maji yenye lishe, kwenye joto la mwili, nyuzi 37.

Baada ya siku kadhaa unakuja ujanja wenyewe. Wanapunguza yale maji ili juu paguswe na hewa na lishe itoke chini tu, kama mche unavyonywa kwa mizizi. Zikipata hewa, chembe zinajipanga tabaka kwa tabaka, na za juu kabisa zinakufa na kukauka kuwa gamba, kama kwenye mkono wako. Baada ya wiki mbili tatu kuna kipande kidogo kama ukucha wa dole gumba.

Kupima ni hivi: wanapaka kemikali, wanaisuuza, wanasubiri, halafu wanaweka rangi ya njano ambayo chembe hai huigeuza zambarau. Zambarau ikiwa hafifu, ujue chembe zimekufa. Kwa utaratibu wa kimataifa wa OECD wa mwaka 2010, zikibaki hai nusu au pungufu, kemikali hiyo inahesabiwa kuwa inadhuru ngozi.

Mambo haya hayakuanzia kwenye urembo. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green wa Marekani walionyesha namna ya kukuza chembe za ngozi ya juu. Mwaka 1983 ujuzi huo ukaokoa ndugu wawili, watoto wa miaka 5 na 6, walioungua karibu mwili mzima: walifunikwa kwa ngozi iliyokuzwa kutoka kwenye chembe zao wenyewe.

Na weusi wetu je? Upo. Kampuni ya MatTek ya Marekani inatengeneza vipande vyenye chembe za rangi za watu weusi, vinavyozidi kuwa vyeusi vyenyewe siku zinavyokwenda. Kazi yake mojawapo? Kujaribia bidhaa za kung'arisha ngozi. Yaani huko kinapakwa kipande, huku anapakwa dada yetu.

Lakini tusidanganyane. Vipande vya kawaida havina mishipa ya damu, havina neva, havina figo. Zebaki ya kwenye mkorogo inapenya ngozi, inaingia kwenye damu na kuumiza figo, na hilo kipande hakikuambii. Kwa hiyo hata "imepimwa maabara" siyo kinga ya kila kitu.

Ndiyo maana zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu. Kazi ya kusimamia ilikuwa ya TFDA, tangu 2019 ni ya TBS. Kwa hiyo kopo lisilo na lebo usilipake, na ukiona wanauza toa taarifa.

Mimi nimeishia sekondari tu, wataalamu mlioko humu nisahihisheni. Na wewe unayechanganya pale sokoni, tuambie: unaujaribia kwa nani? Karibuni tuchangie.