Bajeti ya kaunti: sahihi ya mwisho iwe ya mwananchi

Kila mwaka, kabla Aprili haijaisha, serikali za kaunti nchini Kenya hutakiwa kufikisha makadirio ya bajeti kwenye mabunge yao, na kabla ya hapo wananchi huitwa watoe maoni. Vikao hivyo tunavijua: hema, viti vya plastiki, afisa anasoma orodha ya miradi mbiombio, watu wanaomba kisima, zahanati na barabara, kisha karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kesho kuthibitisha kwamba kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010, kinachodai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha, kimetimizwa. Lakini kuomba mradi hakumnyimi mkubwa yeyote usingizi. Nguvu ya bajeti iko pale hundi inapoandikwa, na huko mwananchi haitwi.

Mahakama zimejaribu. Mwaka 2014 Jaji George Odunga alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, akataka wananchi wafikiwe hadi makanisani, misikitini, barazani na kwenye redio za lugha za mama. Ulikuwa uamuzi mzuri, ila ulihusu namna sheria inavyopitishwa. Fedha zikishapitishwa, mahakama haiwezi kukaa kwenye kila eneo la ujenzi.

Makueni ilikwenda mbele zaidi chini ya Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022. Mikutano ilianza vijijini ikapanda hadi ngazi ya kaunti, na hiyo ndiyo sehemu inayosifiwa sana na wageni. Mimi naona uzito ulikuwa kwingine: wakazi walichagua kamati ya kusimamia mradi, na mwanakandarasi alihitaji kamati hiyo iridhike na kazi kabla ya kulipwa. Wanaodai kwamba bajeti ni ngumu kwa raia wa kawaida wafikirie hapo. Pengine mama muuza mboga hawezi kuchambua jedwali la mapato, lakini mpe nakala ya mchoro na orodha ya vifaa vya zahanati, naye atahesabu mifuko ya saruji inaposhushwa, ataona mchanga uliojaa udongo, na atajua kama mabati yaliyoezekwa ndiyo yaliyoandikwa.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wawakilishi wadi: sisi tulichaguliwa, kamati hizi zimepewa mamlaka na nani? Katika Makueni hiyohiyo, mvutano kati yao na gavana, bajeti ikiwa kiini chake, ulifika mahali pa kuundwa tume iliyopendekeza kaunti ivunjwe, hadi Rais Uhuru Kenyatta alipokataa mwaka 2015. Hata hivyo kamati ya mradi haipitishi sheria wala haigawi fedha. Inachomnyima mwakilishi ni ile raha ya kugawa miradi kama zawadi, na raha hiyo haimo katika Katiba.

Kwamba kamati nazo huweza kuhongwa ni kweli, na wenye ardhi na walimu wastaafu huelekea kuzitawala. Bei ya mkataba ikibandikwa ukutani na wajumbe wakibadilishwa kila mradi, hongo inakuwa ghali, maana itabidi majirani wote wanyamazishwe. Ipo pia hatari ya kumkawiza mwanakandarasi, naye tayari husubiri malipo miezi mingi. Kwa hiyo kamati ipewe muda maalumu wa kutia sahihi au kuandika kasoro ilizoziona.

Porto Alegre, mji wa Brazili ulioanzisha bajeti shirikishi mwaka 1989, uliona utaratibu huo ukisimamishwa mwaka 2017 chini ya meya mwingine. Ndiyo maana nia njema ya gavana haitoshi. Mabunge ya kaunti yaandike katika sheria kwamba hakuna malipo ya mwisho bila sahihi ya kamati ya wakazi, na mhasibu atakayelipa bila sahihi hiyo awajibike kwa mali yake mwenyewe.