Stika ya Core i7 Haifundishi Programu

Mzazi akinijia kuhusu diploma ya utengenezaji wa programu za kompyuta, swali lake nalijua kabla hajalimaliza: "Mwalimu, tumnunulie kompyuta gani? Tumeambiwa bila Core i7 hawezi kusoma." Msimu wa udahili ukifika hapa Mwanza, naulizwa hivyo Butimba, naulizwa Mkuyuni, naulizwa Nyegezi. Nami huuliza: kijana ameomba kozi gani, na matokeo yake ya kidato cha nne yakoje? Mara nyingi hayo bado hayajazungumzwa. Zipo familia zilizomweka mtoto nyumbani mwaka mzima zikichangishana pesa ya kompyuta, huku dirisha la udahili likifunguliwa na kufungwa. Linaniudhi sana hilo, kwa sababu imani yenyewe haina msingi.

Programu ni maandishi. Faili analoandika mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni dogo kuliko picha moja anayotumiwa WhatsApp. Kompyuta iliyoongoza Apollo 11 hadi mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya takriban KB 4. Simu ya kitochi inaizidi mbali. Kompyuta yoyote ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inabeba karibu kila kitu utakachofundishwa kwenye diploma: Python, Java, PHP, hifadhidata, kurasa za wavuti. Hata ya GB 4 inasukuma siku ukiiwekea Linux, ambayo ni ya bure.

Na hiyo i7 inayosifiwa, ni ipi? Tarakimu 7 haikwambii kompyuta ni ya mwaka gani. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa ya i7-2620M ni ya kizazi cha 2, ilitoka mwaka 2011, ina koa (core) 2. Ile i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ilitoka mwaka 2017, ina koa 4, na inaiacha mbali i7 hiyo ya zamani. Muuzaji anayepaza sauti "i7!" bila kutaja kizazi anakuuzia stika, na stika hubandikwa upya kwa dakika moja. Usimwamini kwa mdomo. Washa mashine palepale dukani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mwenyewe kilichoandikwa. Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine pia: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiondoa prosesa chache, inakubali rasmi Intel za kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo aliyetoa pesa nyingi kwa i7 ya 2011 amenunua mashine ambayo hata mfumo mpya wa Windows hauitambui rasmi.

Kinachowaangusha wanafunzi kiko kwingine kabisa. Chukua zoezi hili la wiki za mwanzo. Mwanafunzi anamwandikia mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, programu ndogo ya Python: iulize magunia mangapi yanatoka kwa siku, kisha izidishe kwa siku 3. Anaiendesha, anaandika 12, anangoja 36. Kioo kinamwonyesha 121212. Kompyuta ya bei yoyote, mpya au ya mtumba, itatoa jibu hilohilo, kwa sababu Python hupokea kila kinachoandikwa kwenye kibodi kama maandishi, na maandishi yakizidishwa kwa 3 hurudiwa mara tatu. Dawa ni kuyageuza kwanza kuwa namba kwa int(). Anayekaa na hiyo 121212 nusu saa mpaka ajue imetoka wapi ameshaelewa aina za data, somo litakalomfuata hadi mwaka wa tatu. Anayeirusha kwa ChatGPT na kunakili jibu bila kulisoma atakutana na swali lilelile kwenye chumba cha mtihani, akiwa na kalamu na karatasi. Hapo ndipo sapu, yaani mitihani ya marudio, zinapoanza, na sapu zikirundikana mtu anadisko, yaani anaondolewa chuoni.

Sasa ya kufanya. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, uone kozi imesajiliwa na inadai nini. Kwa kawaida ni ufaulu wa masomo manne, kuanzia D, bila kuhesabu masomo ya dini, na zipo kozi zinazotaka hisabati au fizikia juu yake. Aliyetoka kidato cha nne husoma miaka mitatu, ngazi ya 4, 5 na 6. Usitafute neno "programu" kwenye jina la kozi tu; nyingi huitwa TEHAMA au sayansi ya kompyuta, kwa hiyo omba orodha ya masomo uhesabu yanayohusu kuandika programu. Vyuo vya DIT, CBE na IFM vina kampasi Mwanza. Uliza kampasi yenyewe inafundisha nini mwaka huu, si chuo kwa jumla. Uliza maabara hufunguliwa saa ngapi, na kama wanafunzi huachwa humo jioni. Huna kompyuta? Anza na maabara hiyo, ununue muhula wa pili ukishajua unachohitaji. Ukinunua, pima betri kwanza, maana umeme hukatika. Ukifika kwenye programu za Android na mashine ikalemewa, achana na simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, chomeka simu yako kwa waya. Na kama unawaza shahada, linda GPA isishuke chini ya 3.0 tangu mwanzo, na ukimaliza omba namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET mapema, kabla dirisha la vyuo vikuu halijafunguliwa.