Sayansi Mfukoni mwa Mchuma Chai

Septemba 2011, wakulima wa Bomet nchini Kenya, jirani na Nyamira, waliona mahindi yao yakibadilika. Majani yalipata michirizi ya njano, yakakauka kuanzia kingoni, na magunzi yakatoka na punje za kuhesabika. Ugonjwa huo haukukawia kuvuka hadi Nyamira na Kisii.

Watafiti walikuta virusi viwili vinavyosaidiana. Kimoja kikiwa peke yake hudhoofisha mhindi. Vikikutana, mhindi huweza kufa. Huenezwa na wadudu wadogo wafyonzao majani, na kupanda mahindi juu ya mahindi huwapa chakula mwaka mzima. Dawa ya kunyunyizia virusi hakuna. Ushauri ni kung'oa mimea iliyougua na kubadilisha zao, kwa mfano kupanda maharagwe au viazi msimu mmoja.

Kumwambia haya mtu mwenye robo ekari, ambaye ugali wa nyumba nzima unatoka hapohapo, si kazi ya kijikaratasi cha maelezo. Anahitaji kusikia sababu, tena kwa sauti ya mtu anayemwelewa.

Redio imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na Egesa FM hutangaza kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii wa Kisii na Nyamira. Lakini kipindi cha redio kikipita kimepita. Podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachopakuliwa, hubaki kwenye simu. Mmoja hupakua, kisha jirani hurushiwa kwa bluetooth bila kununua bando. Mchuma chai wa Nyamira, mikono yote miwili ikiwa kwenye majani na kikapu mgongoni, hawezi kusoma chochote. Masikio yake, hata hivyo, yako huru tangu asubuhi.

Lugha ndiyo yenye uzito zaidi. Hata katika somo la afya, mtaalamu anayetaka kueleza upungufu wa damu na aanzie kwenye chinsaga, mboga chungu ambayo Wagusii humpikia kwa maziwa mama aliyejifungua. Akishaisifu desturi hiyo, ndipo aingie kwenye madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga hiyo. Atasikilizwa, kwa sababu ameanzia jikoni kwa msikilizaji.

Chuo Kikuu cha Kisii kipo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo Kisii vilevile. Wataalamu wa huko wakae na mtangazaji wa Ekegusii, warekodi dakika kumi tu, nazo ziwafikie wakulima kabla mbegu ya msimu ujao haijaingia ardhini.